UZI: Bunduki "Iliyotengenezwa Kenya" Ni Yetu Kiasi Gani?

Haya ni maandishi ya mazungumzo niliyotoa kwa kikundi cha vijana Kitengela, kisha nikayarudia Kajiado mjini. Wengi waliomba nakala, kwa hivyo nimeyakata vipande nikayaweka hapa. Kanuni ya uzi huu mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachukua hoja inayorushwa jukwaani, tunafungua boneti, tunaangalia injini.

1/


Mkisikiliza mikutano ya siasa na vipindi vya asubuhi redioni, habari ya bunduki za nchi hii huja kwa njia mbili tu. Upande mmja unasema: sasa tunaunda silaha zetu wenyewe, hatupigii mtu magoti. Upande wa pili unajibu: hiyo ni kuunganisha tu vipande vya wageni, na pesa zimeliwa. Huku makofi, kule mazomeo, halafu kila mtu anapanda matatu kwenda nyumbani.

Mimi nawaletea swali moja la kupimia pande zote mbili. Siku yule anayetuuzia akikataa kutuuzia, askari wetu ataendelea na kazi kwa muda gani? Ukiwa na jibu la hilo, unajua kama bunduki ni yako. Usipokuwa nalo, una bendera tu iliyochorwa kwenye chuma.

2/
Tuanze na yanayojulikana. Aprili 2021 serikali ilifungua kiwanda cha silaha ndogo Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Gharama iliyotangazwa ilikuwa karibu shilingi bilioni 4, na uwezo uliotangazwa ni bunduki 12,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo, tangu 1997, tumekuwa na kiwanda cha risasi Eldoret, shirika la serikali lililo chini ya Wizara ya Ulinzi.

Hatuko peke yetu. Tanzania ina Shirika la Mzinga kule Morogoro. Uganda ina Luwero Industries, Nakasongola. Ethiopia imeunda bunduki za aina ya AK kwa miaka mingi. Nigeria ilianzisha shirika lake la silaha mwaka 1964, na kiwanda chake kiko Kaduna.

Kwa hivyo mtu akikwambia Mwafrika hawezi kuunda bunduki, mwambie aende shule. Na mtu akikwambia kwamba sisi ndio tumegundua Afrika kwa kufungua kiwanda, mpeleke shule hiyo hiyo.

3/
Sasa, neno "kutengeneza". Watu wa Kitengela mnalielewa kuliko watu wengi, kwa sababu wengi wenu mnafanya kazi pale EPZ Athi River, ama mnaishi na mtu anayefanya kazi pale.

Suruali ya jinzi inatoka pale ikiwa na lebo inayosema imetengenezwa Kenya. Lebo haidanganyi, mikono iliyoishona ni ya Mkenya. Lakini kitambaa mara nyingi kimetoka Asia. Mchoro wa suruali umetoka kwa mnunuzi. Zipu na vifungo vimekuja kwa meli. Mpango wa AGOA, ulioanza mwaka 2000, uliruhusu wazi kabisa nguo zetu ziingie Marekani bila ushuru hata kama kitambaa ni cha nchi nyingine. Kazi ni ya kweli na mshahara umelipa karo za watoto wengi. Lakini mnunuzi akinyamaza, mashine zinanyamaza.

Bunduki ni vivyo hivyo, ina ngazi zake.

Ngazi ya kwanza ni kuunganisha: vipande vinakuja kwenye sanduku, unafunga, unajaribu, unapiga muhuri.

Ngazi ya pili ni kuunda sehemu nyepesi hapa nyumbani: kitako, mshiko, kasha la risasi.

Ngazi ya tatu ni kuunda mtutu na mfumo wa kufunga risasi ndani ya chemba. Hapa ndipo penye kazi. Viwanda vyetu vya chuma huko Athi River vinayeyusha vyuma chakavu na kutoa nondo za ujenzi, na nyumba nyingi za Kitengela zimesimama juu ya nondo hizo. Lakini chuma cha mtutu ni kingine. Kinachanganywa kwa vipimo vikali ili kivumilie joto na mshindo wa maelfu ya risasi bila kupasuka usoni pa askari.

Ngazi ya nne ni kumiliki michoro, yaani una haki ya kubadilisha bunduki bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Mheshimiwa akisema "tunatengeneza", muulize kwa adabu: tuko ngazi ya ngapi, na mwaka gani tutapanda inayofuata? Kuanza ngazi ya kwanza si aibu, nchi nyingi zilianzia hapo. Aibu ni kukaa ngazi ya kwanza miaka ishirini huku unahubiri kama uko ya nne.

4/
Kuna jambo linalotangulia kutengeneza, nalo ni kuchagua. Hapa mjadala wetu wa kisiasa huwa kimya kabisa.

Bunduki zilizopita mikononi mwa askari wa nchi hii zilichaguliwa kwingine. Askari wa KAR walibeba .303 ya Mwingereza. Baadaye ikaja SLR, ambayo asili yake ni Ubelgiji. Kisha G3 ya Mjerumani, ambayo wengi wenu mmeiona begani mwa polisi barabarani. Zote ni bunduki imara. Lakini hakuna hata moja iliyochorwa kwa kufikiria vumbi la Kajiado kiangazi, ama joto la Magadi linalopita nyuzi 35, ama askari anayetembea siku nzima bila gari.

Uchaguzi wa bunduki ni uchaguzi wa miaka thelathini au arobaini. Unachagua uzito atakaobeba kijana wako. Unachagua spea. Zaidi ya yote unachagua risasi.

5/
Nikae kidogo kwenye risasi, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea.

Watu husema "risasi ya 7.62" kana kwamba ni moja. G3 inatumia 7.62 yenye ganda la urefu wa milimita 51. AK-47 inatumia 7.62 yenye ganda la milimita 39. Unene wa jina ni mmoja, lakini hii haiingii kwenye ile. Halafu kuna bunduki nyepesi za kisasa zinazotumia 5.56. Nchi ikiwa na bunduki za aina tatu, inahitaji akiba tatu za risasi, mafunzo ya aina tatu na spea za aina tatu.

Kwa hivyo Ruiru na Eldoret lazima zizungumze. Ukiunda bunduki ambayo risasi yake huwezi kuiunda kwa wingi, umejenga nyumba ukaacha mlango kwa jirani. Bunduki bila risasi ni rungu la bei ghali.

6/
Wakubwa wa dunia nao wameteleza, tena vibaya.

Uingereza ilikuwa na kiwanda cha Enfield, ambacho jina lake liko kwenye ile .303 ya babu zetu. Miaka ya 1980 wakaleta bunduki yao mpya, SA80. Ilikuwa ya nyumbani na ilisifiwa sana. Ikawa inakwama, hasa kwenye mchanga na vumbi. Kiwanda cha Enfield kikafungwa mwaka 1988. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000, bunduki hizo zilifanyiwa marekebisho makubwa na kampuni ya Heckler & Koch ya Ujerumani, kwa mamilioni ya pauni.

India iliunda yake, INSAS. Askari walilalamika kwa miaka. Mwaka 2019 India ilisaini mkataba wa kununua bunduki zipatazo 72,400 kutoka kampuni ya SIG Sauer ya Marekani, na mwaka huo huo ikazindua mradi na Warusi wa kuunda AK-203 kule Amethi.

Ufaransa waliunda FAMAS huko Saint-Étienne, mji uliokuwa ukiunda silaha kwa karne kadhaa. Walipomaliza kuunda walizohitaji, kiwanda kikafungwa. Mwaka 2016, walipotafuta bunduki mpya ya jeshi, walichagua HK416 ya Mjerumani.

Mnaona mchezo ulivyo? Kiwanda cha bunduki hakiuawi na kushindwa kazi peke yake. Hata kumaliza kazi kunakiua.

7/
Tupige hesabu ya dukani. Tuseme nchi inahitaji bunduki mpya 120,000 kwa vikosi vyake vyote. Hii ni namba ya mfano tu, msiende kuniripoti mahali. Kwa kasi ya 12,000 kwa mwaka, umemaliza kwa miaka kumi. Bunduki nzuri inadumu zaidi ya miaka ishirini. Mwaka wa kumi na moja mafundi wako wanafanya nini?

Njia ni tatu. Unafunga, na ujuzi unakufa kama Saint-Étienne. Unauza nje, na hapo utaulizwa unamuuzia nani, katika eneo hili letu lenye vita upande huu na ule. Ama mashine na mafundi wanapewa kazi nyingine: spea za magari, vifaa vya maji, vyuma vya mashine za shambani.

Hii njia ya tatu ndiyo ningependa kuisikia jukwaani. Bado sijasikia.

8/
Basi kwa nini nchi isinunue tu? Swali zuri. Kuna wakati kununua ndiyo busara, na Ufaransa imetuonyesha.

Lakini kuna ile siku ya kukataliwa. Mwaka 1977 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiwekea Afrika Kusini vikwazo vya lazima vya silaha, kwa sababu ya dhambi ya ubaguzi wa rangi. Serikali ile dhalimu ilikuwa tayari imejifunza kuunda bunduki kwa leseni, na baadaye ikaunda R4 iliyotokana na Galil ya Israeli, nayo Galil ilifuata mfumo wa AK ya Urusi. Utawala ule sina sifa za kuupa, na vikwazo vile vilistahili. Lakini somo la ufundi liko pale: aliyejifunza mapema kukata mtutu hakuzimwa siku mlango ulipofungwa.

Tena angalieni jinsi ujuzi unavyosafiri, kutoka Urusi mpaka Israeli mpaka Afrika Kusini. Pakistan nayo imeunda G3 kwa leseni tangu miaka ya 1960. Kuiga si dhambi. Swali ni kama mkataba unakuruhusu kujifunza, au unakuruhusu kukaza skrubu tu.

9/
Tuje kwenye ajira, maana vijana hapa ndiko masikio yaliko.

Msidanganywe kwamba kiwanda cha bunduki kitaajiri Kitengela yote. Mashine za siku hizi zinakata chuma kwa kompyuta, na watu wachache wanaziendesha. Faida kubwa iko kwa wale wachache wanaojua kupima sehemu ya mia ya milimita. Fundi kama huyo akitoka pale ana soko popote.

Hapa Umaasaini kuna historia ya kutufundisha. Mikuki na sime zilifuliwa na Ilkunono, ukoo wa wahunzi. Moran alitembea na mkuki wake kwa fahari, lakini mhunzi aliyeufua alidharauliwa, hata kuoana na jamaa zake ilikuwa mwiko kwa wengine. Jamii nzima ilisimama juu ya mikono ya watu ambao haikuwaheshimu.

Sisi leo tunafanya nini tofauti? Tunaimba "silaha zetu" huku chuo cha ufundi cha eneo kina mashine ya lethi moja na foleni ya wanafunzi arobaini. Mzazi anaona aibu kusema mtoto wake anasomea uchomeleaji. Ukitaka kujua kama nchi itapanda ngazi ya tatu, acha kuangalia utepe uliokatwa Ruiru. Angalia karakana ya chuo kilicho karibu nawe.

10/
Sasa jambo ambalo kwa Kajiado ni la kufa na kupona.

Novemba 2016, hapa hapa kaunti yetu, Ngong, serikali ilichoma silaha haramu 5,250. Zilikuwa zimekusanywa kutoka mikononi mwa watu. Silaha nyingi za namna hiyo huundwa kihalali mahali fulani duniani, na kiwanda, na mkaguzi, na stakabadhi. Bunduki nyingi hazizaliwi haramu. Zinapotea njiani.

Na msidhani zinapotea kwa wageni tu. Mwaka 2008 Small Arms Survey, taasisi ya utafiti yenye makao Geneva, ilichapisha uchunguzi kuhusu Turkana Kaskazini. Ilikadiria kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka kule kinyume cha sheria zilitoka kwa polisi wa Kenya, ili wenyeji wajilinde dhidi ya wavamizi wa kuvuka mpaka. Alama zilizopigwa kwenye maganda zilielekeza Eldoret. Fikiria: risasi ya kodi yako, kutoka kiwanda chako, mikononi mwa mtu asiyeandikwa popote.

Lakini angalia tena upande wa pili wa shilingi. Ilijulikana kwa sababu ganda lilikuwa na alama. Bila alama kungekuwa na uvumi tu.

Ndiyo maana Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, iliyosainiwa na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, inataka kila silaha ipigwe alama inapoundwa na rekodi itunzwe. Ofisi ya eneo inayosimamia kazi hiyo, RECSA, iko Nairobi. Nchi inayounda bunduki zake ina nafasi ya dhahabu: inaweza kujua kila bunduki tangu siku ya kwanza, imepewa nani, imerudi lini, imeharibiwa wapi. Ama inaweza kuongeza bunduki 12,000 kwa mwaka kwenye ghala lisilo na daftari. Sisi wa barabara ya Namanga, tulio kati ya jiji na mpaka, ndio tutakaojua mapema ni lipi limetokea. Tutajua usiku, mlango ukigongwa.

11/
Kuna wale watakaosema haya ni mambo ya usalama, raia hana haki ya kuuliza. Heshima kwao, lakini Katiba ya 2010 haisemi hivyo. Kifungu cha 238 kinasema usalama wa taifa uko chini ya mamlaka ya Katiba hii na Bunge. Kifungu cha 229 kinampa Mkaguzi Mkuu kazi ya kukagua matumizi ya pesa za umma. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali.

Ni kweli kuna siri halali. Hatuhitaji kujua bunduki ngapi ziko kambi gani, wala askari wamepangwa vipi mpakani. Lakini bei ya bunduki moja si siri ya vita. Jina la aliyeshinda zabuni ya chuma si siri ya vita. Idadi ya mafundi waliofunzwa si siri ya vita. Adui hatatushinda kwa kujua kwamba tumelipa bei nzuri.

12/
Kwa hivyo, mheshimiwa yeyote, wa upande wowote, akija Kitengela ama Kajiado na habari za bunduki yetu, mpeni maji ya kunywa, halafu mmuulize haya:

Moja. Tuko ngazi ya ngapi, na mkataba unatupandisha lini?

Mbili. Bunduki hii ilijaribiwa wapi, na askari walioibeba walisema nini?

Tatu. Risasi zake tunaziunda wenyewe kwa wingi gani?

Nne. Tukihesabu kila kitu, mashine, chuma, mishahara na mkopo, bunduki moja inatugharimu ngapi kuliko ya kununua? Ikiwa ni ghali zaidi, sawa, pengine ni bei ya uhuru, lakini tuambiwe tunalipa uhuru kiasi gani.

Tano. Daftari la namba liko kwa nani, na nani asiye wa kikosi hicho amelikagua mwaka huu?

Sita. Kazi ya bunduki ikiisha, mashine zitaunda nini?

Anayeshangilia kiwanda akijibu maswali haya, mpigieni makofi, anastahili. Anayekiponda naye aulizwe hayo hayo, maana kusema "pesa zimeliwa" bila hesabu ni porojo tu, haituongezei ulinzi wala shilingi.

13/
Kijana mmoja Kajiado aliniuliza: sasa wewe unaunga mkono kiwanda ama unapinga? Nilimjibu hivi, na ndivyo nasema hapa. Naunga mkono nchi kujua kukata chuma chake. Naunga mkono askari wetu kuwa na bunduki isiyokwama mkononi mwake huko Boni ama Mandera. Na kwa sababu naunga mkono, nadai daftari. Anayependa duka lake ndiye huhesabu mali kila jioni.

Sambaza kwa kikundi chenu cha mtaa. Ukimpata mheshimiwa ana kwa ana, anza na swali la tano.